Pete Bila Chanda

Alasiri ya Jumatatu, tarehe 30 Desemba 2024, nilikuwa ofisini mwangu Kwa Vonza nikisahihisha karatasi za mtihani wa riwaya. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, wanafunzi wamekwenda makwao, na sauti pekee iliyonifikia ilikuwa ya redio ya mlinzi wa lango, redio ya Kikamba isiyozimwa hata mwenyewe anaposinzia. Kishindo sikukisikia, Mukuku ni mbali na kwetu. Habari niliipata kesho yake kutoka kwa mlinzi huyo, ambaye alinieleza, kwa utulivu wa mtu anayetoa taarifa za hali ya hewa, kwamba mwendo wa saa tisa za alasiri ya jana chuma kimeanguka kutoka angani huko Makueni.

Chuma chenyewe kilikuwa pete kubwa yenye kipenyo cha meta 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Kilianguka kichakani na hakuna aliyejeruhiwa. Tarehe 1 Januari 2025 Shirika la Anga la Kenya, KSA, likatoa taarifa kwamba, kwa uchunguzi wa awali, kitu hicho ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kwamba vitu vya aina hiyo hukusudiwa kuteketea vinaporejea angahewani au kuangukia mahali pasipokaliwa na watu, kama vile baharini. Na kwamba tukio hilo ni la nadra. Taarifa niliyoisoma ilikuwa ya Kiingereza. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, ingawa Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Yamkini chuma cha kigeni kilistahiki lugha ya kigeni.

Miongoni mwa mashahidi waliohojiwa na waandishi wa habari alikuwamo mtu mmoja aliyekuwa akimchunga ng'ombe wake. Alieleza kwamba alisikia kishindo kikubwa. Akatazama mawinguni, asione moshi. Akaenda kando ya barabara kuangalia kama kuna magari yaliyogongana, asione ajali. Nawaomba wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wetu tumepoteza usingizi kwa sura ya mbinu za utafiti katika tasnifu zetu, watulie hapo kidogo. Mtu huyu ana tukio asilolijua chanzo chake. Anaweka dhana ya kwanza na kuipima kwa macho, inamshinda, anaiacha. Anaweka ya pili, anaifuata kwa miguu mpaka mahali inapoweza kuthibitishwa. Nayo inamshinda, anaiacha pia. Kisha anasimulia yote hayo kwa mpangilio, bila chuku, na bila kudai ajualo zaidi ya aliloliona. Nimewahi kusimamia tasnifu za uzamili ambazo hazikufika umbali wa barabara ile.

Lakini si hivyo alivyopokewa. Simu yangu ilijaa utani kwa siku tatu: viumbe wa sayari nyingine wamekuja kuposa Ukambani, na kwa kuwa Mkenya akilitaja jina la Ukambani hawezi kuuzuia ulimi wake usitaje kamuti, kulikuwa na waliodai kwamba mganga fulani amerusha kombora likarudi. Nilicheka, sikatai. Baadaye nilijiuliza ni nani hasa tuliyekuwa tunamcheka. Katika usimulizi wa habari za sayansi, nafasi za wahusika zimekwisha kugawanywa kabla tukio halijatokea: mwanakijiji hupewa kazi ya kushangaa, mtaalamu hupewa kazi ya kueleza. Mwanakijiji akieleza, maneno yake husomwa kama mshangao vivyo hivyo.

Wala tabia hii hatukuianza jana. Kila mwaka katika somo la fasihi simulizi tunamfundisha Syokimau, yule nabii wa Kikamba ambaye masimulizi yanasema aliona nyoka mrefu akija kutoka pwani, akitema moto na moshi, kabla reli haijajengwa. Tunaishughulikia simulizi hiyo chini ya kichwa cha unabii, tunaigusia ishara ya nyoka, kisha tunaondoka zetu. Sikumbuki hata mara moja kuwaambia wanafunzi kwamba kitu kirefu chenye viungo, kinachokwenda juu ya ardhi na kutoa moshi, ni maelezo mazuri ya kiufundi ya garimoshi, hasa kwa mtu ambaye lugha yake ilikuwa bado haijalipokea neno la garimoshi.

Turudi kwenye pete, maana hapo ndipo pana utamu. Kiswahili kina msemo wa chanda na pete kwa watu wasioachana. Pete katika utamaduni wetu huunganisha: huvishwa, huposea, huolea. Sasa tumeletewa pete ambayo kazi yake ni kutenganisha. Mwenzangu mmoja wa idara, mtu wa Lamu ambaye hawezi kuliacha neno bila kulipindua, alisema wakati wa chai kwamba hiyo basi ni pete ya talaka. Tukacheka tena. Hata hivyo, kichekesho chake kina mantiki ya uhandisi. Roketi hujengwa kwa sehemu zinazopachikwa moja juu ya nyingine. Sehemu ya chini ikimaliza mafuta yake haina faida tena, ni mzigo mtupu, kwa hiyo huachwa ili zilizobaki ziende kwa wepesi. Pahali pa kuachana panahitaji kiungio kinachoshika kwa nguvu hadi dakika ya kuachia, kisha kinaachia mara moja. Hicho ndicho kiungio chetu. Chombo kinachoizunguka dunia kwa karibu huenda kwa kasi ya kilomita saba na ushei kwa sekunde. Kwa mwendo huo mtu angetoka Mombasa akafika Nairobi kwa dakika moja hivi. Kitu kikirudi angahewani kwa kasi kama hiyo huibana hewa iliyo mbele yake mpaka ikawaka, na sehemu kubwa ya kitu hicho huteketea kwa joto hilo. Baadhi ya vyuma vigumu hupona, vikashuka.

Nimeiandika aya hiyo kwa makusudi, na sikulazimika kuazima neno lolote lisilokuwamo katika kamusi zetu. TUKI walichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa hiyo kisingizio cha uhaba wa msamiati, ambacho nimekisikia katika makongamano tangu nilipokuwa mwanafunzi, hakinishawishi tena.

Tena Kiswahili si mgeni angani. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa utafiti wa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Kazi yake ilichangia sifa za Riccardo Giacconi, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Miaka hamsini na miwili na ushei baada ya Uhuru, tarehe 15 Aprili 2023, Kenya ilirusha setilaiti yake ya uangalizi wa dunia kwa roketi ya SpaceX kutoka California, nayo ikaitwa Taifa-1. Tazama basi zamu yetu katika shughuli hii: lugha huitwa siku ya kumpa mtoto jina, ikala pilau ya sherehe, kisha ikaombwa ikae nje wakati wakubwa wanazungumza. Neno uhuru lilizunguka juu ya vichwa vyetu kwa miaka kadhaa, na hapa chini hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kutueleza kwa lugha iyo hiyo lilikuwa likitafuta nini.

Ningependa lawama ziishie kwa wanasayansi na wanahabari. Haziishii hapo. Miaka kadhaa iliyopita niliwatungia wanafunzi swali juu ya Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyochapishwa mwaka 1995. Wasomaji wanaijua: Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo, na badala ya kufa anafika katika nchi ya Walenisi, ambako jamii imepangwa kwa namna tofauti kabisa na ile iliyomhukumu. Nilitaka wajadili ujumi wa utopia na istiari ya safari. Kijana mmoja alijibu sehemu hiyo vizuri, kisha akaongeza aya ambayo hakuna aliyemwomba. Aliuliza: ikiwa chombo kilirushwa, kilirushwa kwa nguvu ya kitu gani? Na masalio ya kitu hicho, baada ya kumwachia Dzombo aende zake, yaliangukia kwa nani?

Niliipigia mstari aya hiyo kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Hili si swali la fasihi."

Alama hazikupungua sana. Aya tu ilikufa. Kijana alihitimu na sasa anafundisha shule ya upili, sijui wapi. Karatasi za mitihani huteketezwa baada ya muda kwa mujibu wa kanuni, hivyo siwezi hata kuitafuta nikaufuta ule wino. Nilipoiona picha ya pete ile ya Makueni, na watu wameizunguka kimya, swali lake lilinirudia neno kwa neno. Lilikuwa swali la fasihi, tena la aina ambayo mhakiki wa itikadi angejivunia: katika utopia ya mtu mmoja, taka huangukia shambani kwa nani? Mimi niliyezoea kuwatafuta wasiotajwa katika kila matini, nilikuwa nimemzuia mwanafunzi asimtafute mtu huyo.

Kwa nani, kwa kweli? Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 kuhusu dhima unasema kwamba nchi iliyorusha chombo italipa madhara yanayotokea ardhini hata kama haikufanya uzembe. Madhara yanayotajwa ni kifo, majeraha, kudhurika kwa afya, na upotevu au uharibifu wa mali. Hofu haikutajwa kwa jina. Setilaiti ya Kisovieti yenye kinu cha nyuklia, Kosmos 954, ilipoangukia kaskazini mwa Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai zaidi ya dola milioni sita za kwao, na mwaka 1981 ikalipwa milioni tatu. Skylab ya Wamarekani ilipomwaga vipande huko Esperance, Australia, mwaka 1979, serikali ya mtaa iliitoza NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka ovyo. Faini hiyo ililipwa mwaka 2009 na wasikilizaji wa kipindi cha redio huko Marekani. Huku kwetu zilienea habari kwamba Kenya inaidai India fidia kwa ajili ya pete, na KSA ikazikanusha. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi alielekeza kidole kwenye roketi ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008. Wengine walitilia shaka kwamba chuma kile kilitoka anga za juu hata kidogo, kwa kuwa hawakuona dalili za kutosha za kuungua. Pete ilikuwa imepatikana, chanda hakijulikani.

Muhula ulipofunguliwa niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi. Waliposikia neno "tafsiri" walishusha pumzi, lakini sikuwataka watafsiri taarifa ya KSA. Niliwataka wamweleze mwaitu anayetupikia chai katika hoteli yetu ya Kwa Vonza pete ile ni nini, kwa Kiswahili anachokijua yeye. Majaribio ya kwanza yalikuwa mabaya; yalijaa "kifaa husika" na "mchakato wa utenganishwaji", lugha ya watu wanaoogopa kueleweka. Kisha msichana mmoja, aliyekuwa ameandika mistari minne tu, alisoma kwamba roketi ni kama muwa. Una pingili, na baina ya pingili na pingili pana fundo. Anayekula muwa huanza na pingili ya kwanza, akiimaliza hulikata fundo akalitupa, ndipo aendelee na ya pili. Kilichoanguka Mukuku ni fundo.

Darasa lilinyamaza. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kusema kuhusu tashbihi na ufaafu wake, nikayameza.

Jumamosi hiyo nilikwenda hotelini nikamweleza mwaitu kama nilivyofundishwa. Alikuwa akisukuma chapati, hakuacha kusukuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza chapati iliyokuwa juu ya kikaango, akaniuliza:

"Na muwa wenyewe, Mwalimu, ulikuwa wa nani?"

Nikamwambia wanachunguza.

"Mwenye shamba amepewa nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya mkataba wa mwaka 1972 na yale yaliyotajwa humo. Nilipofika mahali pa hofu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akanitazama, kisha akaniuliza kama chai niitakayo ni ya maziwa au ya rangi.