Karakana Yenye Jiwe

Benchi langu la useremala hubebwa na watu wanne. Asubuhi moja ya Julai 2025 wanne hao walilitoa Keko, wakalipandisha kwenye fuso na kulilaza kifudifudi, miguu juu, kati ya magodoro na kabati la vyombo. Mke wangu alikuwa amehamishiwa Mwanza kikazi na alikwisha kutangulia kutafuta nyumba. Kila alipopiga simu kunieleza habari za vyumba, maji na shule ya watoto, mimi nilikuwa na swali moja: pana mahali pa kuweka benchi?

"Kuna banda la gari," alinijibu siku aliyoipata ile nyumba ya Nyegezi. "Lakini ndani yake kuna jiwe, baba watoto."

Nilidhani anasema jiwe la kuzuilia mlango.

Aliyewahi kununua kitanda au kabati Dar es Salaam anaijua Keko. Mbao zimeegemezwa hadi barabarani, mashine zinalia kutwa, na ukiishiwa skrubu unanyoosha mkono tu kwa jirani. Nilifanya kazi pale miaka kumi na sita. Mashine yangu ya kuchana mbao ilitumia umeme wa fezi tatu, na nyumba za kupanga kwa kawaida zina fezi moja, kwa hiyo niliiuza. Mbao nazo niliziuza, kwa kuwa mazao ya misitu hayasafirishwi bila kibali na sikutaka kusimama kila kizuizi nikieleza habari ya vipande ishirini vya mninga. Nikabaki na benchi, pamoja na sanduku la vifaa alilonirithisha baba: randa ya chuma ya Stanley namba 5, patasi sita, misumeno miwili ya mkono, keekee na jiliwa ambayo meno yake yamekwisha kulika. Kila chenye makali nilikipaka grisi na kukifunga kwa gazeti, kama baba alivyonifundisha. Upepo wa bahari una chumvi. Patasi ikilala wazi wiki moja Dar es Salaam, inaamka na madoa ya kutu.

Nilisafiri na mzigo, nimekaa kati ya dereva na utingo. Reli ya Kati ilifika Mwanza mwaka 1928, na zamani fundi angepeleka sanduku lake kwa treni bila kufikiri mara mbili. Treni ya SGR wakati huo iliishia Dodoma, na kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kilikuwa bado kinajengwa. Tulikwenda kwa barabara: Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, kisha usiku wa baridi kali Singida. Kesho yake, tukiteremka Sekenke, nilisikia benchi linasogea nyuma yetu. Dereva naye alisikia. Tulipofika chini alisimama pembeni bila kuambiwa, tukakaza kamba, utingo akachomeka godoro moja kati ya mguu wa benchi na kabati.

Tulipopita Igunga na Nzega niliwaza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza kabla. Mbao za benchi lile nilizinunua mwaka 2009, na aliyeniuzia aliniambia ni mninga wa Tabora. Igunga na Nzega ni Tabora. Mti ulikatwa huku, ukapelekwa pwani, ukakaa miaka kumi na sita karibu na bahari, na sasa ulikuwa unarudi bara ukiwa juu ya fuso, miguu juu. Nilimweleza dereva. Alitikisa kichwa, akasema, "Basi fundi, unamrudisha mtu kwao."

Shinyanga, Misungwi, Usagara, Buhongwa. Halafu mawe. Mgeni anaambiwa Mwanza ni Jiji la Miamba na anafikiria lile jiwe la Bismarck linaloonekana kwenye picha, limekaa majini kama mtu ameliweka kwa mkono. Hakuna anayemwambia kwamba mawe ya namna ile yako juu ya kila kilima na nyumba zimejipenyeza katikati yake. Ukuta unaanza kwenye jiwe na kuishia kwenye jiwe jingine.

Ndivyo lilivyokuwa banda letu. Ukuta wa nyuma haukuwapo. Palikuwa na mwamba wa kijivu uliotuna kama tumbo, umechukua karibu robo ya sakafu, na matofali yamejengwa juu yake na pembeni yake hadi kwenye bati. Gari lisingeingia. Nadhani ndiyo maana kodi ilikuwa nafuu. Vijana wa kushusha mzigo waliliweka benchi vizuri, lakini sanduku la baba liliwaponyoka mlangoni. Nilipofungua gazeti, chuma cha randa kilikuwa kizima, kishikio chake cha mbao kimevunjika vipande viwili. Kile kishikio kilikuwa kimelainishwa na kiganja cha baba kabla ya changu. Nilivifunga vile vipande tena kwenye gazeti lake, nikakaa juu ya sanduku hadi mke wangu aliponiletea chai.

Jirani yangu, Msukuma wa Misungwi ambaye tunalingana umri, alikuja jioni kutusalimu. Aliligonga jiwe kwa kisigino. "Hili ni la usiku mmoja," alisema. "Washa magogo juu yake mpaka alfajiri. Litamenyeka kama kitunguu, unapiga nyundo, unauza kokoto." Alikuwa anasema kweli. Mwanza mawe mengi ya ujenzi hupasuliwa hivyo, na ukipita vilimani unaona familia nzima zimekaa kando ya marundo ya kokoto. Nilimwomba anipe wiki. Katika wiki hiyo niligundua kwamba saa saba mchana, bati likiwaka jua, ukisimama karibu na ule mwamba unasikia ubaridi unakujia mgongoni. Pia sehemu yake ya juu ilikuwa bapa, imefika usawa wa kiuno. Keko nilitafuta miaka mingi kitu kizito cha kunyooshea vyuma na kupigia nyundo kisitikisike, na hapa kilikuwapo tangu kabla ya watu. Jiwe likabaki.

Kazi kubwa ilikuwa sakafu. Banda la gari huinamishwa kwa makusudi kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Gari halijali, lakini benchi lililoinama linaharibu kila pembe mraba unayoipima juu yake. Pimamaji lilionyesha tofauti ya karibu sentimita 4 kutoka mguu hadi mguu. Nilichonga kabari nne za mbao ngumu na kuzigongelea chini ya miguu ya upande wa mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeligeuza benchi ili nuru ya mlangoni inijie kushoto, kwa kuwa mimi hutumia mkono wa kulia na sitaki kivuli cha mkono wangu kikae juu ya mstari wa kukatia. Kibao cha kutundikia vifaa sikuweza kukipigilia kwenye mwamba, nikakisimamisha kwa nguzo mbili. Kuranda mbao nyingi kwa mashine nilikwenda Nyakato, eneo la SIDO, na kazi ndogo nikazirudisha kwenye mkono.

Kuhusu upepo nilijifunza kwa hasara. Mchana hutoka ziwani, na mlango wangu unalitazama ziwa. Siku moja nilipaka vanishi mlango wa kabati na kuuacha ukauke. Jioni vikaja vile vidudu vya ziwani, ambavyo ukivitazama kwa mbali unadhani ni moshi umesimama juu ya maji. Wakazi wanasema huzidi siku za mwezi mwandamo. Vilizima nuru ya taa, na asubuhi mlango wangu ulikuwa na manyoya. Niliuanza upya kwa msasa. Sasa napaka asubuhi na mapema, nakausha chumba cha ndani, na kalenda ya mwezi imetundikwa kwenye kile kibao.

Wiki ya tatu benchi lilipasuka.

Mbao mbili za juu ziliachana kwenye gundi, ufa wa kupitisha kadi ya benki, urefu wa mkono mzima. Sababu niliijua. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Agosti hewa ya Mwanza ni kavu kuliko ya pwani. Mbao hunywa na kutoa unyevu hadi zilingane na hewa iliyozizunguka, na mninga wangu ulikuwa unatoa unyevu wa miaka kumi na sita ya bahari. Kujua hakukunizuia kuumia. Niliandaa gundi na unga wa msumeno ili niukande na kuujaza mle.

Kabla ya kuujaza nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kutafuta kipande cha mbao ya kishikio. Nilipita kwenye vichanja na magunia ya dagaa, nikawakuta wajenzi wa mitumbwi kandokando ya maji. Mzee mmoja alikuwa anagongelea pamba kwenye maungio kwa patasi butu, taratibu, akisikiliza kila pigo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa pwani. Nasikia kwenye kusema kwako."

Nilimwambia kwetu kazi ile inaitwa kukalafati, nayo hufanywa kwa pamba vilevile. Alifurahi, akanisogezea ndoo nikae. Nikamweleza habari ya benchi. Aliuliza limefika lini, nikamjibu. Akaacha kugonga.

"Chombo kikikaa juu sana kinafunguka," alisema. "Ukikishusha, siku ya kwanza kinaingiza maji, unakumba tu. Siku ya pili mbao zimekunywa, zimejifunga. Sasa fundi mwenye haraka anajaza pamba kila ufa wakati mbao ni kavu. Mbao zikivimba, zitakwenda wapi? Zinasukumana, zinang'oa misumari. Usijaze kitu humo. Ngoja mvua."

Alinipa kipande cha mvule, mabaki ya mbavu za mtumbwi, akakataa pesa. "Wabeja, mzee," nikasema, neno la Kisukuma nililokuwa nimefundishwa na jirani. Kishikio nilikichonga siku mbili. Rangi yake haifanani na ile mbao ya mbele ya randa, na nimeiacha hivyo.

Septemba nilivuka Daraja la JPM kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 zilizofunguliwa Juni 19 mwaka huo, kutafuta mbao za bei nafuu upande wa Sengerema, ambako kuna shamba la miti la Serikali la Buhindi. Nilirudi na paini ya kutosha rafu na milango miwili, na risiti zake zote mfukoni.

Mvua zilianza Oktoba, alfajiri, kwa radi kutoka ziwani. Maji yalichuruzika kando ya mwamba hadi sakafuni. Nikachimba mfereji mwembamba na kuusakafia kwa saruji. Jirani alinisaidia kuchanganya. Mlango wa kwanza wa paini ulikuwa wake.

Novemba 9 nilichukua ile kadi ya benki na kuijaribu kwenye ufa wa benchi. Haikupita.