Muwa Mmoja, Mizani Mbili

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kwetu sisi tuliolelewa baina ya Awendo na Ndhiwa, methali hii si istiari tupu, kwani wataalamu wa mimea huuweka muwa katika jamii ya nyasi.

Fahali wa kwanza ni SONY, kampuni ya umma iliyoundwa mwaka 1976 na kuanza kusaga miwa Awendo, Migori, mwaka 1979. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 alizuka mshindani wake, Sukari Industries, huko Ndhiwa, Homa Bay, na mwingine upande wa Transmara. Tangu hapo malori ya viwanda mbalimbali hupishana katika njia zile zile.

Kiini cha ushindani huu ni gharama. Muwa huchukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa. Kiwanda kinachomkopesha mkulima mbegu, mbolea na gharama za kulimiwa hufungia fedha zake ardhini muda huo wote, kisha hukata deni kwenye malipo. Kiwanda kinachonunua miwa iliyokwisha kukomaa hakibebi mzigo huo, hivyo kinaweza kuongeza bei ya tani na kulipa mapema. Isitoshe, mishahara na riba havingoji miwa. Mtambo uliolala ni hasara, na ndipo hata miwa michanga hukatwa, ilhali sukari yake ni haba.

Mimi, mwanafunzi wa fasihi, hunaswa na msamiati wa ugomvi huu. Mkulima aliyeuza kwingine huambiwa ameshiriki "wizi wa miwa". Nimemsikia jirani akiitwa mwizi wa zao alilolipanda kwa mikono yake, katika ardhi ya babu yake. Sikatai kwamba deni ni deni. Hata hivyo, miwa inapokaukia shambani kwa kukosa mkataji, ikapoteza uzito na utamu, hatuna neno kali la kumwita aliyechelewa. Katika simulizi hii, mwenye mizani ndiye pia mwenye kamusi.

Ushindani umempa mkulima uhuru wa kuchagua, jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua. Lakini ikiwa kila kiwanda kitangoja mwenzake apande, kitasagwa nini? Mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji katika viwanda kadhaa vya magharibi mwa Kenya kwa uhaba wa miwa iliyokomaa. Mwaka 2025 SONY ilikodishwa kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, lakini kubadili mwenye kinu hakukomazi muwa.

Naonelea kwamba mkataba ungefaa kuwafunga wote wawili: mkulima asiuze kwingine, na kiwanda kikate na kulipa kwa tarehe iliyoandikwa, la sivyo mkulima awe huru. Tena uandikwe kwa lugha anayoielewa atiaye kidole cha wino. Hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohitajika.