Mwaka wa Kujitolea Handeni

Huenda umemaliza chuo cha ualimu na ajira bado hujapata. Umeamua kujitolea mwaka mmoja, ufundishe shule ya kijijini. Shule yako iko wilaya ya Handeni. Basi tufuatane safarini.

Utashuka kwanza Korogwe. Ukitazama kaskazini utaona milima ya Usambara. Chini yake kuna mashamba ya mkonge. Zao hili lililetwa nchini mwaka 1893. Wakati wa ukoloni manamba walitoka mikoa ya mbali kuja kuukata mkonge, na wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana Korogwe utakuta watu wa makabila mengi.

Pumzika hapo, ule machungwa. Kisha nunua madumu mawili ya lita 20, yenye vifuniko. Usicheke. Kati ya mizigo yako yote, hayo ndiyo utakayoyashukuru.

Kutoka Korogwe hadi mji wa Handeni ni kama kilomita 65 za lami. Utavuka mto Pangani. Milima itabaki nyuma, na nchi itakuwa kavu zaidi.

MAJI KWANZA

Shule hufunguliwa mwezi wa Januari. Mvua za vuli zimekwisha na masika bado. Jua ni kali. Mabomba makubwa ya kuleta maji Handeni kutoka mto Pangani yalijengwa miaka ya 1970. Watu huyaita HTM. Yamesaidia sana, lakini vijiji vingi bado vimetegemea malambo, na lambo hupungua maji wakati huo wa jua.

Utapiga kengele asubuhi, nawe utaona madawati matupu. Walio wengi kati ya wasiokuja mapema ni wasichana. Usishike fimbo. Uliza kwanza. Huyu ametoka lamboni na ndoo kichwani. Yule amekesha na baba yake shambani, maana mahindi ya vuli yamekomaa na nguruwe wanayataka. Mwingine anafukuza nyani. Mwalimu anayechapa kabla ya kuuliza atapoteza watoto mwezi wa kwanza, na kuwarudisha ni kazi ngumu.

Jumamosi chukua madumu yako, uende lamboni mwenyewe. Utajua mtoto anatembea umbali gani. Utakutana pia na akina mama, na hapo utajifunza habari za kijiji ambazo ofisini hutazipata.

MAZI NA MAJI

Darasa la kwanza mtoto atakuomba "mazi". Hajakosea. Anasema Kizigua, lugha ya mama yake. Mwonyeshe kwa upole kwamba kwa Kiswahili ni "maji". Mwambie pia kwamba lugha yake imesafiri mbali. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Wajukuu wao waliendelea kusema Kizigua huko. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, hapo hapo Handeni. Watu walikutana baada ya miaka mingi, wakaelewana. Watoto hupenda sana kusikia habari hii.

POSHO YAKO

Hapa ndipo walimu wengi wa kujitolea hushindwa. Si kwa uvivu, bali kwa njaa.

Kazi ya kujitolea si ngeni nchini. Katika miaka ya 1970 walimu wa kujitolea wa elimu ya watu wazima walilipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha watoto huku wao wenyewe wakijifunza ualimu vijijini. Walikuwa na upungufu wa mambo mengi, lakini kila mmoja alijua atapata nini.

Siku hizi ada imefutwa, na tangu mwaka 2016 watoto wamejaa madarasani. Wazazi wanakutaka. Watakuambia, "Karibu mwalimu, hutalala njaa." Maneno hayo ni mazuri, lakini hayana kipimo. Mwombe mwalimu mkuu akupeleke kwenye mkutano wa kijiji. Uliza bila haya: nitalala nyumba gani? Kila kaya itatoa nini, fedha au debe la mahindi? Nani atakusanya? Mavuno yakiharibika itakuwaje? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na mtendaji wa kijiji atie sahihi. Wapo wazee watakaokuona mjuaji. Vumilia. Ni afadhali kuonekana mjuaji mwezi wa Januari kuliko kuondoka kimya mwezi wa Mei, ukawaacha darasa la kwanza wakiwa wamefika katikati ya herufi.

Nyumba ukishapewa, tazama paa. Kama ni la bati, tafuta pipa, uliweke chini ya mchirizi. Mwezi wa Machi masika yataanza.