Majuma Matatu ya Teatro katika London



Tangu tuliporudi nyumbani kutoka masomoni, ndugu na rafiki wanatuuliza neno moja: «Mlivuka bahari kwenda kusomea michezo? Je, michezo si kazi ya watoto?» Swali hili ni la haki, maana feza ya masomo haiokotwi njiani. Basi tunataka kulijibu hapa.

Kwanza mjue namna ya safari ile. Katika Marekani vyuo vikuu vingine hugawanya mwaka sehemu mbili, na katikati, mwezi wa kwanza, huweka kipindi kifupi cha majuma matatu au manne. Katika kipindi hicho mwanafunzi hushika somo moja tu, na wengine huenda kulisomea katika nchi nyingine. Sisi wana wa Kongo wawili tulikuwa katika kundi la wanafunzi 16 waliopelekwa London, mji mkuu wa Uingereza, kusomea teatro, ndiyo michezo ya kuigiza. Ni wakati wa baridi kali. Jua huchwa saa kumi ya jioni, na upepo wa mto Thames hupenya koti. Lakini nyumba za michezo hujaa watu.

Karibu kila jioni tulitazama mchezo mmoja. Asubuhi yake tulikaa na mwalimu wetu. Yeye hakuuliza kama mchezo ulitupendeza. Aliuliza: «Mwanga ulitoka upande gani? Mama yule alinyamaza wakati gani, na kwa sababu gani? Watazamaji walianza kukohoa wapi?» Maana watu wakikohoa, ni kusema neno halijawafikia. Hivyo polepole macho yetu yalifunguka, na masikio pia.

Kando ya mto iko nyumba iitwayo Globe. Ile ya kwanza ilijengwa mwaka 1599, na humo michezo ya Shakespeare ilichezwa. Mwaka 1613 walipiga mzinga katikati ya mchezo, cheche zikashika paa la nyasi, nyumba ikateketea. Nyumba ya leo ilifunguliwa mwaka 1997, nayo pia imeezekwa nyasi. Aliyeanza kazi ya kuijenga upya ni mchezaji wa Marekani, Sam Wanamaker. Aliishughulikia miaka mingi, akafa mwaka 1993 kabla ya kuiona imefunguliwa.

Katikati ya Globe ni wazi, mvua huingia. Kwa hiyo wakati wa baridi michezo mingi huchezwa katika nyumba ndogo iliyo karibu, iliyopewa jina la Wanamaker na kufunguliwa mwaka 2014. Watu kama 340 tu hukaa humo, na mwanga ni wa mishumaa ya nta ya nyuki. Mishumaa hushushwa na kupandishwa kwa kamba. Ikizimwa mmoja mmoja, giza huingia nalo, na kila mtu hushika pumzi yake. Sisi tuliokua kati ya watu wanaosimulia hadithi usiku, huku moto ukififia, tulitazamana: jambo hili tulilijua tangu utoto.

Lakini neno lililotugusa zaidi tuliambiwa darasani. Mwaka 2012 Globe iliita wachezaji wa nchi mbalimbali kucheza michezo 37 ya Shakespeare katika lugha 37. Wachezaji wa Kenya walicheza kwa Kiswahili mchezo wa wake wawili wa Windsor wanaomdanganya mzee mnene mwenye tamaa. Basi lugha hii mnayosoma sasa imekwisha kusikika juu ya jukwaa lile. Tena mwaka 2013 nyumba nyingine ya London, Young Vic, ilicheza mchezo wa Aimé Césaire, mtu wa Martinique, juu ya Patrice Lumumba na Kongo ya siku za uhuru. Mwingereza Chiwetel Ejiofor, mwana wa wazazi wa Nigeria, alikuwa Lumumba.

Tulifurahi, tena tulisikia uchungu. Mambo ya nchi yetu yaliandikwa na mtu wa kisiwa cha mbali, yakachezwa kwa Kiingereza mbele ya watu wa London. Hatuwalaumu, walifanya kazi njema. Lakini kama hakuna mwana wetu anayejifunza kazi hii, habari zetu tutazisikia daima katika vinywa vya wengine. Hilo ndilo jibu letu kwa wanaouliza.

Hatusemi kila kijana aende London. Safari ni ya gharama, nasi bila msaada wa masomo tusingefika. Jukwaa halidai mengi: mahali, watu wachache, na wengine wanaokubali kunyamaza. Sasa kila Jumamosi tunakutana na vijana tisa, tunatengeneza mchezo kwa Kiswahili juu ya ndugu wawili wanaogombea shamba la baba yao. Wazee huja kutazama. Wakikohoa, tunasimama, tunarudia sehemu ile.

Nanyi wazazi, mtoto akisema anataka kusomea teatro, msimcheke. Mwulizeni kwanza: «Ni habari gani unayotaka kutuonyesha?» Akiwa na jibu, mpeni nafasi ya kulisema.