Kabla ya Saa Nane Mchana

Waliokulia Tanga miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaikumbuka saa nane ya Jumapili. Mafuta ya gari yalikuwa haba nchi nzima, na serikali ikaamua kwamba ikifika saa hiyo gari la mtu binafsi lisionekane tena barabarani. Wengi waliona afadhali waache kabisa kutembea. Mjomba wangu aliona vingine: kama ruhusa inakwisha saa nane mchana, basi safari ianze mara tu baada ya sala ya alfajiri. Ndivyo nilivyokuja kuijua Tanga ya nje ya mji. Mbali hatukuweza kufika na kurudi kwa wakati, kwa hiyo tukayajua ya karibu, tena tukayajua vizuri. Serengeti tuliisikia redioni. Amboni, Machui, Tongoni, Muheza na Pangani tulizikanyaga kwa miguu yetu.

Mjomba alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba moja la mkonge. Alikuwa na pikapu, Peugeot 404, aliyoinunua ikiwa haitembei, akaifufua mwenyewe jioni baada ya jioni pale uani kwetu Ngamiani. Mafuta aliyakusanya kidogo kidogo wiki nzima katika dumu alilolificha chini ya kitanda. Jumamosi usiku mkaza mjomba alikaanga mahamri na kuunga mbaazi za nazi, chai ikatiwa kwenye chupa kabla hatujaondoka. Sisi watoto tulipanda nyuma, juu ya magunia, pamoja na tairi la akiba, jeki, pampu ya mkono, viraka na gundi yake, na maji ya rejeta. Mji ukiwa bado umelala, tulikuwa tumekwisha utoka.

Safari fupi ilikuwa ya Amboni, kilomita nane hivi kaskazini, njia ya Horohoro. Mawe ya chokaa ya pale yana umri wa miaka kama milioni 150, lakini hayo niliyasoma baadaye. Tulichojua wakati ule ni ubaridi uliokupokea mlangoni, popo waliotikisika juu kwa mwanga wa chemli, na mahali pa mzimu ambapo watu huacha marashi, ubani, vitambaa na sarafu. Mjomba, mtu wa dini, hakuwahi kutukaripia kwa kutazama vile vitu. Alituambia tu tusiguse, kwa kuwa kila sarafu pale ni shida ya mtu. Niliiheshimu kauli hiyo tangu utotoni na bado naiheshimu.

Kulikuwa na hadithi kwamba pango moja halina mwisho, kwamba mbwa aliyepotelea humo alitokezea Kilimanjaro, na wengine wakisema njia inakwenda hadi Mombasa. Wapimaji walioingia mwaka 1994 walikuta kwamba hata pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Lakini kulikuwa na habari nyingine isiyohitaji kutiwa chumvi. Katika miaka ya 1950 Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walijificha humo wakisakwa na serikali ya kikoloni. Serikali iliwaita majambazi. Wazee wa mashambani walipowataja walipunguza sauti, na haikuwa kwa chuki.

Kutoka mapangoni tulipitia maji moto ya Galanos, yenye harufu kali ya kiberiti, ambayo watu wenye maradhi ya ngozi walikuja kuoga. Mabwawa yale yanabeba jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Siku hizo hakuna aliyetoza kitu. Ulivua viatu, ukatia miguu, ukanyamaza pamoja na wagonjwa waliokuwapo.

Upande wa kusini mwendo ulikuwa mwingine. Barabara ya Pangani ilikuwa ya vumbi, na masika ikawa ya tope. Machui mjomba alizima gari kila tulipopita, tukasimama kwenye kaburi la Shaaban Robert kumsomea Fatiha. Mshairi yule alizaliwa Vibambani, hapo hapo Machui, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962, na mjomba alikuwa amepata kumwona kwa macho. Shuleni tulikuwa tukizisoma kazi zake kwa ajili ya mtihani. Pale tulijifunza kwamba alikuwa mtu wa kijiji chenye minazi na mihogo, mwendo mfupi kutoka barabarani, na tangu siku ile sijaweza kumsoma bila kuiona ile minazi.

Mbele kidogo, yapata kilomita 17 kutoka mjini, ni Tongoni. Nimeona magofu mengi ya pwani tangu wakati huo na bado sijaona mahali panaponishika moyo kama pale. Msikiti ni wa karne ya 14 au ya 15, na makaburi yake yanazidi 40, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Hakuna mahali pengine katika pwani yetu ambapo makaburi ya zamani namna ile yamekusanyika kwa wingi hivyo. Ukipapasa nguzo, vidole vinaingia katika vishimo vya mviringo ambamo zilibandikwa bakuli za kaure kutoka China. Bakuli zenyewe hazimo tena. Mjomba alitushika mikono, mmoja mmoja, akatufanya tupapase. Alisema waliojenga hapa walikuwa wakila katika vyombo vizuri kuliko vya kwetu, na kwamba mtu asije akatudanganya kuwa historia yetu ilianza na Wareno.

Wareno kweli walipita. Mwaka 1498 jahazi moja la Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama katika mafungu ya mbele ya Tongoni, ambako wakati huo kuliitwa Mtangata. Mwaka uliofuata, wakiwa njiani kurudi kwao, mabaharia walikuwa wamekufa wengi kwa maradhi, waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Wakalitia moto São Rafael pale pale. Tulikaa chini ya mbuyu tukila mahamri na kuyatazama maji ambamo jahazi lile liliungua, ndani ya maji yale yale wavuvi wakivuta nyavu zao. Saa sita na nusu honi ililia. Hapakuwa na mjadala juu ya honi ile.

Amani, milimani Usambara, haikuingia katika kipimo cha saa nane. Ilitubidi twende Jumamosi na tulale huko. Hadi Muheza njia ilikuwa ya lami, na Muheza maana yake machungwa, magunia kwa magunia kando ya barabara. Baada ya hapo ni udongo mwekundu, na baada ya Kisiwani mlima unaanza kukubana. Sigi tulisimama kuipumzisha injini. Hapo ndipo ilipoishia reli nyembamba ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Tengeni kubeba magogo ya Usambara. Reli yenyewe iling'olewa zamani, nyumba ya mkuu wa stesheni ikabaki. Kutoka Sigi kwenda juu mjomba alitia gia namba moja na kuiacha humo, na sisi wakubwa tukashuka kutembea nyuma ya gari tukiwa na mawe mikononi, tayari kuyatia chini ya matairi.

Bustani ya Amani ilianzishwa mwaka 1902. Wajerumani walileta miti kutoka pande zote za dunia wajue ipi ingefaa kwa faida yao: mdalasini, mikarafuu, mikwinini, mibira, kahawa za aina aina. Mwenyeji wetu alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa malaria kilichokuwa humo. Alituokotea majani, akayafikicha, akatutaka tutaje mti kwa pua zetu peke yake. Usiku ulikuwa wa baridi ambayo mtoto wa Ngamiani hajapata kuiota, vyura wakilia hadi kukicha. Asubuhi mbega walipita juu ya paa, na hondohondo wakaruka kwa kishindo cha mbawa unachokisikia kabla hujamwona ndege. Kwenye miamba yenye unyevu tulionyeshwa ua dogo la zambarau ambalo mkuu wa wilaya wa Kijerumani mjini Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota mwaka 1892 akapeleka mbegu zake kwao. Leo limo katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, na watu wengi sana wa Tanga hawajawahi kuliona.

Nilichokiona pia ni malori ya magogo yakiteremka, na watu wakifyeka chini ya miti mikubwa ili wapande iliki. Harufu ya iliki mbichi ikichanganyika na ya mbao mpya ilikuwa nzuri mno, na ilikuwa harufu ya msitu unaokwisha. Mwaka 1997 Amani ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia. Ilichelewa, lakini bila hilo sijui leo tungekuwa tunapeleka watoto kuona nini.

Sasa niseme juu ya kisiwa cha Maziwe, maana hapo ndipo ushahidi wangu unapohitajika.

Katikati ya miaka ya 1970, nilipomaliza darasa la saba, mjomba alichukua likizo akatupeleka Pangani kwa siku kadhaa. Mji wa Pangani ulikuwa mnyonge, nyumba kubwa za mawe zimeezuka mapaa. Wazee walituonyesha upande ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi, tarehe 15 Desemba 1889, kwa kuwa aliongoza watu wa pwani kuwapinga. Asubuhi ya pili tuliamkia mtoni. Nahodha alikuwa babu mmoja mkavu wa mwili. Tulimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba huku akitupangia mahali pa kukaa bila kutuuliza. Mashua ikatoka na umande, mdomo wa mto ukatuachia bahari, na baada ya kitambo tukaona mstari wa kijani juu ya maji.

Kijani kile kilikuwa mivinje. Hilo ndilo nataka liandikwe. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti. Kilikuwa kidogo, unakizunguka kwa miguu bila kuchoka, lakini kilikuwa na kivuli, na chini ya kivuli kulikuwa na majivu ya wavuvi waliolala hapo. Mchangani nyayo za kasa zilipanda na kushuka, kwa wingi usiohesabika, maana kasa wa pwani yote hii walikuwa wakikitegemea kisiwa kile kutaga. Membe walijaa upande wa kusi. Na upande huo huo mivinje ilikuwa imeanguka, mizizi juu, maji yakipita kati ya matawi. Babu nahodha aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Bahari inakula huku." Hakuongeza neno.

Nilirudi katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mtu mzima mwenye kazi. Hapakuwa na mti hata mmoja. Palikuwa na fungu la mchanga tu, na maji yalipojaa vizuri, hata fungu halikuwapo. Wapo waliosema miti ilikatwa sana, na bila mizizi mchanga haukuwa na cha kuushika. Wapo waliosema maji yenyewe yamepanda. Nadhani walisema kweli wote wawili. Mahali hapo ni hifadhi ya bahari sasa, na matumbawe yake bado huvuta wapiga mbizi. Kasa hawajakisahau: bado huja kutaga, na watu wa Ushongo huyafuata mayai, huyachimbua na kuyahamishia pwani ya bara, la sivyo bamvua lingeyafunika. Kazi ile inafanyika miaka nenda miaka rudi, na inastahili kusifiwa kwa sauti kubwa kuliko inavyosifiwa.

Mjomba alifariki, na amri ya saa nane iliondolewa zamani. Mafuta yapo kwa mwenye fedha. Barabara ya Pangani ilianza kutiwa lami, na daraja likaanza kujengwa mtoni kwenda Bweni, ili gari liweze kutoka Tanga hadi Bagamoyo kwa njia ya pwani. Nafurahi kwa ajili ya wenyeji waliokesha wakisubiri kivuko na wagonjwa wao. Hofu yangu ni juu ya mwendo. Zamani hatukupita Machui bila kusimama. Leo vijana wa mjini wanalijua jina la Tongoni kwa sababu ya kibao tu, na kibao chenyewe kinapitwa upesi. Kuta za matumbawe hazina wa kuzipigia kelele zisipotembelewa. Nguzo iliyokuwa wima utotoni mwangu nimeikuta chini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Tanga, Jumapili hii toka na watoto wako. Lipa kiingilio cha Tongoni hata kama ni kidogo, umwache mlinzi wa pale awape habari zote anazozijua, asiharakishwe. Na kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kupanda mashua kwenda Maziwe, mwulize mivinje ilisimama upande gani, mingapi, na mara ya mwisho aliiona lini. Andika anavyosema, pamoja na mwaka. Tuliokiona kisiwa kile kikiwa na kivuli tumebaki wachache.