Benchi la Kalerwe

Mtu atokaye Kampala kwa barabara ya Gayaza, akisha kuipita Mulago, haendi mbali kabla hajafika Kalerwe. Soko la hapo limejaa hata likamwagika kandoni mwa barabara. Mikungu ya matoke imesimamishwa safu kwa safu mithili ya askari gwaridemi, nyanya zimepangwa mafungu mafungu, na makelele ya makondakta wa teksi hayakomi. Tangu mwaka 2009 barabara kuu izungukayo mji upande wa kaskazini nayo hupita papo hapo. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba hufurika, na mwenye viatu vizuri huvishika mkononi.

Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nikipita pale juu ya bodaboda, nikinunua fungu la nyanya bila hata kushuka. Jumamosi moja mvua ilinikamata. Nikajibanza chini ya bati la muuza chapati, ambapo wazee wawili walikuwa wakicheza mweso. Nikawaamkia kwa Kiswahili, lugha niliyozoea kazini. Mazungumzo yakakatika. Mmoja akajibu, "Karibu, afande," akajisogeza hadi ukingoni kabisa mwa benchi.

Mimi si askari. Ni mtumishi wa serikali, na silaha yangu ni kalamu. Lakini sikushangaa. Katika Uganda Kiswahili kilikaa miaka mingi kambini. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wapo wazee ambao hukikumbuka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Ni kweli kwamba mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi, lakini azimio la mawaziri halimrudishi mzee katikati ya benchi.

Mvua haikukatika, nami sikuwa na budi kuketi. Nikatazama mchezo. Ubao wa mweso una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili zake. Anayejua bao la Unguja asijidanganye kuwa ameujua mweso. Hapa hakuna nyumba, na aliyebahatika hula kete za mashimo mawili ya mwenzake kwa mkupuo mmoja. Niliuliza swali, likajibiwa kwa neno moja. Nikauliza la pili, mzee akacheka ujinga wangu, akaanza kunieleza kwa Kiganda, taratibu, akirudia kama afundishaye mtoto. Nilisomea ualimu, ila siku ile nilikuwa mwanafunzi mzito. Nilishindwa mara mbili kabla chapati yangu yenye mayai haijaviringishwa.

Tangu siku ile huenda Jumamosi na mwanangu, kwa miguu kutoka Mulago. Yafaa kwenda asubuhi, kabla jua halijapanda na vumbi halijatimka. Nimegundua kuwa salamu za Kiganda, ambazo zamani niliziona ndefu kupita kiasi, hazina urefu wowote kwa mtu aliyeketi: habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na shukrani kwa jasho lako. Muuza nyanya, ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kumwona zaidi ya mkono, kumbe ana binti anayesomea uuguzi. Mzee siku hizi haniiti afande. Huniita mwalimu, kwa kejeli.

Jumamosi iliyopita alikuja polisi kijana mwenye sare, akaagiza chapati. Benchi lilikuwa na nafasi ya watu wawili. Hakuketi wala hakuna aliyemkaribisha, nami nakiri kwamba sikufungua kinywa. Alikula akiwa wima, akalipa, akaenda zake kuelekea Bwaise. Mzee alimtazama hata akapotea katikati ya watu, kisha akaniambia kwamba zamu ni yangu.