Kimo Changu na Barney Sedran

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Basi mwiba huo ndio mimi, ingawa mguu wa kuuchoma bado sijaupata!

Mpenzi msomaji, muhula wa kwanza nilijitokeza ili nichaguliwe katika timu ya mpira wa vikapu. Tulipangwa mstari kama askari wa gwaride. Aliyekuwa akituchagua alinitazama toka utosini hadi viatuni, akasema, "Wewe kijana utatubebea maji." Wenzangu walicheka hadi mbavu zikawauma. Nami nilijitia kucheka, lakini njiani kwenda nyumbani machozi yalinilengalenga. Tangu siku hiyo, saa za michezo zikifika nilikuwa najificha darasani.

Baadaye nilisoma habari za Barney Sedran, nikapigwa na butwaa. Mtu huyu alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1891, mwaka uo huo ambao James Naismith alibuni mchezo wenyewe. Alitoka katika jamii ya Wayahudi wahamiaji wa mtaa wa Lower East Side, ambako familia maskini zilisongamana. Katika shule ya upili alinyimwa nafasi timuni kwa sababu ya ufupi. Kumbe ni mwenzangu! Hata alipokuwa mtu mzima, kimo chake kilikuwa futi tano na inchi nne tu.

Je, alikwenda kujificha darasani? Wapi! Alicheza katika kituo cha vijana mtaani kwao. Kisha akajiunga na City College, chuo ambacho siku hizo hakikudai karo, na wanafunzi wakija asubuhi na kurudi makwao jioni, kama sisi wa kutwa. Huko akawa mfungaji bora wa timu kwa miaka mitatu.

Alipomaliza chuo akawa mchezaji wa kulipwa. Msimu wa 1913-14, akiichezea Utica, alifunga vikapu 17 katika mechi moja, na magoli yenyewe hayakuwa na ubao nyuma. Jamani, bila ubao hakuna kubahatisha. Mpira haugongi mahali ukarudi kuingia. Mwaka 1962 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa mchezo huo.

Sisemi kwamba nitakuwa Sedran. Hata timuni sijaingia. Lakini nimetambua jambo moja: yule aliyenikataa alinikataa siku moja tu. Siku zile nyingine zote nilijikataa mwenyewe.

Siku hizi jioni napitia uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu na kwetu, penye goli lisilo na wavu, nikarusha mpira mara 50 kabla giza halijaingia. Juzi iliingia mara 19. Muhula ujao nitasimama tena kwenye mstari ule. Nikiambiwa nibebe maji, nitayabeba, lakini kwanza nitaomba nirushe mpira mara moja.